Haibridi au Dizeli? Uliza Timboroa Kwanza

Sisibo, leo tuongee gari. Sio ile ya kupiga nayo picha Jumamosi. Naongelea gari ya kazi: inakutoa kwa nyumba saa kumi na mbili asubuhi, inakupeleka mji wa pili, inakurudisha jioni, siku tano kwa wiki, na mwezi ukiisha bado unabaki na pesa ya kula.

Kila wiki lazima nipate meseji kama hii: "Buda, nimepata kazi Kapsabet na naishi Eldoret. Nichukue haibridi ama dizeli?" Mwingine anaenda Turbo. Mwingine Moi's Bridge. Mwingine anapanda Iten kila asubuhi. Wote wameshaingia mtandaoni wakakutana na jibu moja: ukiendesha mjini chukua haibridi, ukiendesha barabara kuu chukua dizeli.

Hilo jibu lina ukweli wake, ila liliandikwa na watu wenye barabara tofauti na zetu. Ukilibeba vile lilivyo ulilete hapa Uasin Gishu, linaweza kukugharimu pesa ya miaka.

Niweke msimamo wangu mapema ndio usiseme nimekuzungusha. Kwa wengi wetu tunaolala Eldoret na kufanya kazi mji wa jirani, haibridi ndogo ni salama zaidi kwa mfuko, hata kama safari karibu yote ni ya barabara kuu. Dizeli ina watu wake na nitawataja. Lakini kama sababu yako ya kutaka dizeli ni kwamba "lita yake ni bei ya chini", tulia kwanza.

Na kabla mtu aulize: mimi sio injinia. Hata kile nilichokuwa nasomea sikukimaliza, niliacha chuo mwaka wa pili. Lakini kugawa kilomita kwa lita ni hesabu ya shule ya msingi, na hiyo nilipita.

Shilingi 13 za kuvutia macho

EPRA hutangaza bei ya mafuta kila tarehe 14 ya mwezi. Oktoba 2025, bei ya Nairobi ilikuwa shilingi 184.52 kwa lita ya petroli na 171.47 kwa dizeli. Huku kwetu bei inasogea kidogo, lakini pengo kati ya hizo mbili linabaki karibu vile vile. Tofauti ni shilingi 13.05.

Ukisimama kwa pampu, 13 bob kwa kila lita inaonekana kama zawadi. Lakini iweke kwa asilimia: ni kama 7 tu. Maana yake, dizeli ikikupa kilomita 20 kwa lita, haibridi ikifika kilomita 21 na nusu kwa lita, ile zawadi imeisha. Mko sawa.

Tuchukue magari mawili ambayo utayapata kwa yadi nyingi: Toyota Aqua ya kizazi cha kwanza, injini ya petroli ya 1.5 na mota ya umeme, na Mazda Demio ya dizeli, pia 1.5. Zote ziko chini ya 1500cc, kwa hivyo kwa ushuru wa bidhaa hakuna inayoonewa kwa sababu ya ukubwa wa injini. Kule Japani, kwa vipimo vya maabara, Aqua ilipewa hadi kilomita 37 kwa lita na Demio ya dizeli yenye gia za otomatiki ikapewa 26.4. Hizo nambari zisahau. Maabara haina matuta na haina trela mbele yako. Mimi nitatumia makadirio ya tahadhari: Aqua 21, Demio ya dizeli 20. Kama yako inakupa tofauti, weka nambari yako na urudie hesabu.

Eldoret hadi Turbo ni kama kilomita 35. Kwenda na kurudi ni 70. Siku 22 za kazi ni kilomita 1,540 kwa mwezi.

Aqua: lita 73.3, shilingi 13,531.

Demio ya dizeli: lita 77, shilingi 13,203.

Tofauti ni shilingi 328 kwa mwezi. Wasee, hiyo ni chipsi na kuku siku moja. Watu wanagombana mtandaoni hadi wanatukaniana mama kwa sababu ya chipsi na kuku.

Sasa weka gari ndogo ya petroli ya kawaida inayokupa kilomita 14 kwa lita. Hiyo itakula lita 110, shilingi 20,297. Kwa hivyo pesa ya maana inaokolewa unapotoka kwa petroli ya kawaida kuingia kwa yoyote kati ya hizi mbili. Zikishindana zenyewe kwa zenyewe, kwa mafuta peke yake, ni sare.

Na hata hiyo sare inategemea watu ambao hawakujui. Oktoba 2023 petroli ilikuwa 217.36 na dizeli 205.47. Miezi michache kabla, Julai 2023, VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Julai 2024, tozo ya matengenezo ya barabara ikatoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Hizo zote ni sahihi za watu ofisini Nairobi. Wewe unanunua gari ya kukaa nayo miaka mitano. Usijenge miaka mitano juu ya pengo la shilingi 13 linaloweza kupanguliwa jioni moja ya tarehe 14.

Barabara kuu yetu ni nusu mjini

Kwa nini Wazungu wanasema barabara kuu ni ya dizeli? Kwa sababu barabara yao kuu ni ile unaingia, unaweka kasi 120, na unakaa saa nzima bila kugusa breki. Haibridi hapo haina cha kuokota. Ujanja wake mkubwa ni kwamba ukishika breki, mota inageuka jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu kwa betri, kisha nguvu hiyo inakusaidia ukiondoka. Usiposhika breki, unabeba mota na betri kama mzigo. Dizeli nayo, ikizunguka mwendo mmoja saa nzima, inakula kidogo na injini inabaki safi. Kule kwao ushauri ni sawa kabisa.

Sasa toka mjini Eldoret asubuhi uelekee Turbo. Unaanza na Uganda Road, matatu zinachomoka bila kuuliza. Unapita Maili Nne. Unafika Leseru, ambapo ile baipasi ya kilomita 32 inayotoka Cheplaskei kupitia Kapseret inarudisha malori barabarani, na sasa wewe na trela la Malaba ni majirani. Matuta. Jua Kali, matuta tena, watu wanavuka. Sheria inasema 50 kwa saa kwenye vituo vya biashara. Unatoka, unapanda hadi 90, unakuta trela linapanda na 30, unalingojea, unalipita, matuta.

Kwa macho ya dereva hiyo ni barabara kuu. Kwa macho ya injini, hiyo ni nusu mjini. Kila tuta ni breki, na kila breki haibridi inaokota kitu. Ndio sababu kwa hesabu yangu Aqua haijaachwa nyuma na dizeli kwa safari ambayo vitabu vingesema ingeachwa mbali.

Ila sio kila kitu chenye kibandiko cha haibridi ni sawa. Nissan Note e-Power, kwa mfano, magurudumu yanazungushwa na mota ya umeme peke yake, na injini ya 1.2 kazi yake ni kuzalisha umeme tu. Mjini ni tamu sana. Lakini ukiishikilia 110 mfululizo, mafuta yanageuzwa umeme, umeme unageuzwa mwendo, na kila mgeuzo unapoteza kidogo. Aqua inaweza kupeleka nguvu ya injini moja kwa moja kwa magurudumu. Kama lami yako ni ndefu na imenyooka, jua unanunua haibridi ya aina gani.

Hewa nyepesi inasaidia wakimbiaji, sio injini

Hapa sasa ndio mashabiki wa haibridi hunyamaza, na sitaki kunyamaza nao.

Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari. Iten ni kama 2,400. Dunia nzima inakuja hapa kufanya mazoezi kwa sababu hewa ni nyepesi na mwili unazoea. Injini haizoei. Injini ya petroli isiyo na turbo inavuta hewa iliyopo, na Eldoret hewa imeshapungua karibu moja kwa tano ukilinganisha na Mombasa. Ukifika Timboroa, pale reli inapopita zaidi ya mita 2,700, karibu robo ya hewa haipo. Na hewa ikipungua robo, nguvu ya injini inapungua karibu kiasi hicho hicho.

Injini ya Aqua ina kilowati 54 kwenye karatasi. Timboroa itabaki na kama 40. Mota ya umeme haivuti hewa, kwa hivyo haijali uko Timboroa ama Tudor, lakini inategemea betri, na betri ya ile Aqua ya kwanza haifiki hata kilowati-saa moja. Mlima ukiwa mfupi itakusukuma vizuri. Mlima ukiwa mrefu, betri inashuka, na unabaki na injini yako ya 40, abiria wanne, na magunia mawili ya viazi ambayo mathe alisema "ni kidogo tu".

Dizeli ina turbo. Turbo ni feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, kwa hivyo inafidia sehemu kubwa ya hewa iliyokosekana. Na ile Demio ya 1.5 ina msukumo wa Nm 250 kuanzia mzunguko wa chini. Ukiwa nyuma ya trela hapo juu ya Burnt Forest na umepata nafasi, dizeli inakaa sekunde chache zaidi kwa upande wako, na chache pungufu kwa upande wa wale wanaokuja. Usicheke hizo sekunde. Kenya tumepoteza zaidi ya watu 4,000 barabarani mwaka 2023, na zaidi ya 4,000 tena mwaka 2024.

Kuna uongo mwingine napenda kuuua: "haibridi inajichaji ikishuka Salgaa, unafika Nakuru bure." Betri ni ndogo. Inajaa mapema kwenye mteremko, na baada ya hapo hakuna pa kuweka nguvu. Weka gia kwa B, acha injini ikusaidie kushika gari, na usichome breki zako kwa sababu ya hadithi ya mtandaoni.

Kwa hivyo, kama wewe unavuka Timboroa mara mbili ama tatu kwa wiki na gari imejaa, dizeli ni yako, na sitakuzuia. Huyo ndiye mtu wa kwanza wa dizeli.

Kinachokuja baada ya taa kuwaka

Kama mafuta ni sare, basi mshindi anaamuliwa na gereji. Na gereji ndiyo mahali vijana wengi huachia gari.

Dizeli za kisasa zina filta ya masizi kwa ekzosi, wanaiita DPF. Inashika masizi, halafu ikipata joto la kutosha inayachoma yenyewe. Joto hilo linakuja ukiendesha kwa mwendo mzuri kwa muda, tuseme dakika 20 bila kukatizwa. Safari fupi za mjini hazifikishi joto hilo. Masizi yanajaa, kompyuta inajaribu kuchoma, wewe unazima gari umefika dukani, kesho tena.

Binamu yangu ana gari ndogo ya dizeli. Anaishi Kapsoya, anafanya kazi mjini, safari haifiki kilomita tano. Alishawishiwa na shilingi 13. Taa ikawaka, nguvu ikaisha, fundi akamwambia dawa ni kukata hiyo filta na kudanganya kompyuta. Anaokoa elfu mbili kwa mwezi, halafu anatoa elfu kumi kadhaa kwa siku moja. Na ukikata filta, masizi hayaendi mbinguni. Yanaenda kwa mapafu ya mama anayeuza mahindi steji. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la WHO liliweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza, yaani vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Halafu kuna mafuta yenyewe. Afrika Mashariki ilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni Januari 2015, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini hizi gari zimetoka Japani, ambako kiwango ni 10. Na kuna wajanja. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa kwa sababu watu walikuwa wanachanganya mafuta taa na dizeli. Injini za kisasa hupuliza dizeli kwa shinikizo linaloweza kufika baa 2,000, kama mara elfu ya shinikizo la tairi lako. Pampu na nozeli zake zinalainishwa na hiyo dizeli yenyewe. Mafuta taa hayalainishi vizuri. Piga picha hiyo kichwani kila unapoona kituo chenye bei ya ajabu barabarani.

"Lakini Eldoret mafundi wa dizeli wamejaa!" Kweli. Huu ni mji wa trekta. Ngano na mahindi ya Uasin Gishu yanalimwa na dizeli, yanavunwa na dizeli, yanabebwa na dizeli. Lakini fundi aliyelelewa na pampu ya trekta ya zamani, ile anaiweka sawa kwa spana na masikio, si lazima awe fundi wa DPF na kompyuta. Uliza swali moja: "Una mashine ya kusoma masizi kwenye filta?" Akikwambia "lete tu tuone", rudi nyumbani.

Haibridi nayo si malaika. Hofu ya kila mtu ni betri, na hofu hiyo ina msingi. Sheria ya miaka minane inamaanisha kuanzia Januari 2026 tunaingiza magari yaliyosajiliwa mara ya kwanza mwaka 2019 kuja mbele. Kwa hivyo Aqua ya 2019 inashuka Mombasa betri yake ikiwa na kama miaka saba. Itazeeka mikononi mwako, weka hilo kwa bajeti.

Ila angalia tofauti. Betri ni gharama moja kubwa unayoijua kabla. Unaweza kupigia simu mafundi watatu leo, uulize bei ya betri nzima, uigawe kwa miezi 36, na uanze kuweka hiyo pesa kando kutoka mshahara wa kwanza. Dizeli ikianza kuugua hukuletea bili moja moja bila ratiba: leo filta, mwezi ujao nozeli, halafu turbo, halafu masizi kwenye njia ya hewa. Kijana anayelipwa mwisho wa mwezi anaweza kupanga kwa ajili ya bili inayojulikana. Bili za kushtukiza ndizo zinampeleka kwa mkopo wa simu.

Na ukitaka betri iishi, fanya kitu kidogo ambacho wengi hawafanyi. Kwenye Aqua betri iko chini ya kiti cha nyuma, na pembeni ya kiti kuna tundu la feni inayoipoza. Vumbi letu la kiangazi linaziba hilo tundu. Watu wanarundika majaketi hapo. Safisha hiyo feni, usifunike tundu, na angalia maji ya kupoza inveta, ambayo yana tanki lake tofauti na la injini. Fundi akikwambia atabadilisha seli moja tu iliyokufa, jua umenunua muda, hujanunua betri.

Barabara mpya haifiki kwetu

Mtu ataniambia, "lakini wanajenga motowei." Ndio. Novemba 28, 2025 rais alizindua upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, kilomita 175, pamoja na kilomita 58 za Rironi, Maai Mahiu hadi Naivasha. Imepangwa ukamilike 2027, na tozo iliyotajwa ni shilingi 8 kwa kilomita. Mau Summit hadi Rironi itakuwa kama shilingi 1,400 kwenda tu, na kibanda cha tozo hakitauliza wewe ni haibridi ama dizeli.

Hiyo ikiisha, kwa mara ya kwanza upande wetu wa nchi tutakuwa na lami ndefu ambayo ushauri wa Wazungu unaihusu. Anayeenda Nairobi kila wiki atapata sababu ya pili ya kuchukua dizeli. Lakini angalia ramani: inaishia Mau Summit. Kati ya Mau Summit na Eldoret, Timboroa iko palepale, njia mbili, trela mbele yako. Na kama kazi yako iko Turbo, Kapsabet ama Iten, hiyo barabara hutaigusa kabisa. Usinunue gari leo kwa ajili ya barabara ya kesho ambayo hata haielekei kazini kwako.

Sasa uchague

Maswali ni matatu, na yajibu kwa uaminifu, sio kwa ndoto.

Kwanza, unaendesha kilomita ngapi kwa mwezi? Haibridi inakuokolea kama shilingi 4.40 kwa kila kilomita ukilinganisha na ile petroli ya kilomita 14. Ukiendesha 1,540, hiyo ni kama 6,800 kwa mwezi. Haibridi ikikuzidi bei kwa laki mbili, zinarudi baada ya miaka miwili na nusu. Ukiendesha 600 tu, zinarudi baada ya zaidi ya miaka sita, na hapo betri inakuangalia. Kama wewe ni wa 600, chukua petroli ndogo ya kawaida na uachane na huu mjadala wote.

Pili, siku za kawaida gari inaishi wapi? Kama inapata dakika 20 za mwendo mfululizo karibu kila siku, dizeli itakuwa na afya. Kama unapita lami wikendi tu na siku zingine ni mjini, dizeli utaiua. Na usidanganywe na dizeli yenye kilomita chache kutoka Japani. Gari ya miaka saba yenye kilomita chache inaweza kuwa iliishi kwa safari za sokoni, na kwa DPF hayo ndiyo maisha mabaya zaidi.

Tatu, unabeba nini na unapanda wapi? Peke yako kwenda Kapsabet, haibridi. Watano na mizigo juu ya Timboroa kila wiki, dizeli.

Swali la nne halihusu injini. Unalipa na nini? Naona vijana wa rika langu, miaka 22, 23, mshahara wa tatu haujaingia, wameweka logibuku kama dhamana ili wapate gari kubwa ya dizeli kwa sababu inaonekana vizuri kwa vidio. Mimi hizo vidio natengeneza, najua zinavyopata watazamaji. Watazamaji hawachangii servisi. Kama malipo ya mkopo pamoja na mafuta yanazidi nusu ya mshahara wako, jibu la haibridi ama dizeli ni matatu. Panda mat mwaka mmoja, weka akiba, rudi ukiwa na pesa na ukiwa umeijua hiyo barabara tuta kwa tuta.

Mimi bado naweka akiba, na nikifika nitachukua haibridi ndogo, kwa sababu safari zangu nyingi ni za Turbo na Kapsabet na niko peke yangu na kamera. Mjomba wangu anayeshusha viazi Nakuru kila wiki nimemwambia abaki na dizeli yake. Tuko familia moja, barabara tofauti.

Niandikieni kwenye komenti: unatoka wapi, unaenda wapi, kilomita ngapi kwa mwezi, na unabeba nani. Wiki ijayo nachagua tano, napiga hesabu hadharani. Kama hesabu yangu ya leo ina shida, leta yako na nambari. Matusi baki nayo.